Viroboto wa Maji wa Dada Yangu

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufuga viumbe ambao watu wengi hawajui kama wapo. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini Nyeri. Naosha vyombo, napima kemikali, naandaa mazoezi ya wanafunzi, na dirishani pangu nimepanga chupa za jemu zenye maji ya kijani. Humo ndimo wanamoishi viroboto wa maji. Jina hilo linawaonea, maana hawaumi mtu na hawana undugu na kiroboto wa mbwa. Ndugu zao ni kamba na kaa. Wameitwa viroboto kwa jinsi wanavyorukaruka majini, juu, chini, juu, kama watu wanaopanda ngazi isiyo na mwisho.

Kiroboto mmoja analingana na punje ya wimbi. Mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo ukimweka chini ya hadubini unauona moyo wake ukidunda, utumbo wake ukiwa wa kijani kwa chakula alichokula, na watoto wake wakisubiri kuzaliwa katika mfuko ulio mgongoni. Tunawatumia kupima maji. Maji yakiingia sumu, wao huumwa kabla samaki hajaumwa, na mapema sana kabla mtu hajajua lolote.

Dada yangu hakuwa na habari nao, na hakutaka kuwa nayo.

Amenizidi miaka mitano. Tulikulia Kianyaga, katika shamba la kahawa. Nilipokuwa shule ya msingi na yeye akiwa kidato cha pili, mama yetu aliumia mgongo, akashindwa hata kuinama kufunga kamba za viatu. Ilibidi mtu mmoja abaki nyumbani. Hakuna aliyemuuliza dada yangu. Asubuhi moja sare yake ilibaki imening'inia msumarini, yeye akashika kikapu akaenda kuchuma kahawa. Baadaye aliolewa upande wa Sagana, na miaka michache iliyopita aling'oa migomba iliyokuwa kando ya mkondo, akachimba mabwawa mawili, akaanza kufuga kambare. Majirani walimcheka. "Ati unafuga nyoka iko na ndevu?" walimuuliza. Yeye akaendelea kuchimba. Siku hizi wale wale wanatuma watu kununua vifaranga kwake, naye ndiye anayeongoza chama cha kina mama wafugaji wa samaki.

Januari moja ya jua kali alinipigia simu. "Kuja uone maji yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyenunua kitanda kipya.

Nilienda Jumamosi. Mara ya mwisho nilipoliona bwawa lake la chini, maji yalikuwa mazito na ya kijani kama mukimo, viazi vya kupondwa na majani mabichi, uliotiwa maji mengi. Sasa nilisimama ukingoni nikaona mawe ya chini, mizizi, na kijiko kimoja ambacho mtu alikidondosha zamani. Ungeweza kuhesabu kokoto.

"Ni dawa," akasema. "Kijana wa duka ya mifugo hapo town ndiye aliniletea. Unamwaga tu, kesho unapata maji iko hivi."

Dawa yenyewe ilikuwa unga wa kijivujivu ndani ya gunia dogo, kama udongo mkavu wa kufinyanga. Wenzake wanne katika chama walikuwa tayari wameinunua kwa sababu yeye aliisifu.

Nina tabia mbaya ya kuchota maji kila ninapofika. Nilichukua bakuli jeupe kutoka jikoni kwake, nikachota, nikalishika kwenye mwanga. Katika bwawa lenye afya, bakuli kama hilo huwa na viumbe wengi wakirukaruka hata huwezi kuwahesabu. Katika hili hakukuwa na kitu. Nikachota upande wa pili. Hakuna kitu.

"Dada," nikasema, "hakuna viroboto hapa."

"Ati viroboto?"

"Wadudu wadogo wa majini. Vifaranga vyako vinakula nini wiki ya kwanza?"

"Mimi nafuga samaki, sifugi wadudu. Nawapatia unga."

"Unga wanaanza kuuzoea baadaye. Siku zile za kwanza wanatafuta kitu kinachotembea."

Alininyang'anya bakuli, akamwaga maji, akalifuta kwa khanga yake. "Kila kitu nafanya, wewe lazima upate makosa," akasema. "Hii maji imekuwa chafu miaka mbili na hukusema kitu. Sasa imekuwa safi ndiyo unaona shida."

Tulikunywa chai. Kabla ya kuondoka niliomba unga kidogo ndani ya karatasi, na nikasoma maandishi madogo yaliyokuwa kwenye gunia. Neno moja lilinishika: lanthani.

Jumatatu nilimpelekea mwalimu wetu wa kemia, mzee mpole anayekula njugu kila saa. Aliusugua unga kati ya vidole. Aliniambia lanthani ni metali ya jamii iitwayo madini adimu ya ardhini, ingawa mengine si adimu kama jina linavyodai. Jamii hiyo tunaishi nayo bila kuijua: iko katika sumaku ndogo za spika za simu, katika viberiti vya gesi, katika taa na vioo vya televisheni. Na lanthani ina kipawa chake. Hukamata fosfeti, chakula kinachofanya maji yawe kijani, ikaenda nayo chini. Ndiyo maana maji yanatakata.

"Ikishakamata inatulia pale chini," akasema. "Lakini ile inayobaki huru majini, sijui itafanya nini kwa wadudu wako. Na sidhani kuna mtu hapa kwetu amewahi kuangalia. Wewe ndiye uko nao. Waulize."

Nikawauliza. Nilichukua maji tunayofugia viroboto, nikaweka unga kidogo katika chupa moja, mwingi katika nyingine, nikatia viroboto kumi kila chupa. Siku ya pili wote walikuwa wakirukaruka kama kawaida. Siku ya tatu vilevile.

Mimi si mtu wa kuficha matokeo yasiyonipendeza. Nilimpigia dada yangu nikamwambia kwamba ile dawa haikuwaua. Sikujua kuwa alikuwa mkutanoni na kwamba simu ilikuwa inasikika kwa wote.

"Mmesikia?" akawaambia wenzake. "Mwenye maabara amesema dawa iko sawa."

Sikuwa nimesema iko sawa. Lakini niliposikia wakicheka kwa furaha sikumsahihisha, nikamwomba msamaha kwa kumharibia siku ile ya bakuli. Akaupokea upesi, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa akikisubiri muda mrefu.

Majuma mawili baadaye aliangua mayai ya kambare, akatia vifaranga katika bwawa lile la maji maangavu. Hakunipigia simu wakati vinakufa. Alinipigia baada ya kuvizika.

"Wameisha," akasema. "Wote. Walikuwa wamelala juu ya maji kama vipande ya uzi."

"Pole sana, dada."

"Na maji iko safi. Nimekaa hapo nikiangalia, iko safi kabisa."

Vipimo vyangu vilikuwa vimesema dawa haiui. Nilirudia pole yangu, tukakata simu, na siku nzima sikuweza kuyatazama yale machupa ya dirishani.

Kilichotuokoa ni sweta. Mwezi uliofuata mtoto wa binamu yetu alifunga ndoa Nyeri, na dada yangu akaja kulala kwangu, katika nyumba za wafanyakazi wa chuo. Mchuzi wa harusi ulimwagikia sweta yake. Kesho yake asubuhi nilikuwa namimina chai, yeye yuko nje kwenye bomba, nikamsikia akigombana na beseni.

"Hii maji yenu iko na nini?" akapaza sauti. "Sabuni inakataa! Nimesugua karibu kipande nzima na povu haitoki. Kwangu kasabuni kadogo tu, povu inajaa beseni mpaka inamwagika."

Nilikuwa nimeinua birika. Niliirudisha mezani polepole.

Chuo chetu kina kisima chake kirefu. Maji yake yametoka ndani kabisa ya miamba, na yamebeba mawe yaliyoyeyuka: chokaa na ndugu zake. Maji ya mfereji wa dada yangu, ule aliouchimba kutoka kwenye mkondo hadi mabwawani, yanashuka kutoka mlimani karibu kama yalivyoanguka na mvua. Ni maji laini, hayana kitu ndani. Nami viroboto wangu nawafuga katika maji ya kisima kwa sababu wanayapenda. Nilikuwa nimejaribu dawa yake katika maji ambayo si yake.

Nilitoka nje na kikombe mkononi. "Dada, nimekosea."

"Nini tena?"

Nilimweleza pale pale, yeye akiwa ameinama na mikono imejaa maji. Nikamwambia chokaa iliyo majini ni kama umati uliosimama mlangoni pa duka: lanthani inataka kuingia mwilini mwa kiroboto, inakuta mlango umejaa watu. Katika maji yake mlango uko wazi. Isitoshe, katika maji yangu mimi natia chakula kingi cha kijani, na chakula hicho kina fosfeti inayoikamata lanthani kabla haijamfikia mdudu.

Alikamua sweta, akaikung'uta, akaianika kwenye kamba. Kisha akanitazama.

"Kwa hivyo ulikosea ile siku ulisema iko sawa."

"Nilikosea."

"Na mimi nikaambia watu."

"Ndiyo."

Nilidhani atakasirika. Aliifuta mikono kwa sketi. "Basi turudie," akasema. "Nitakuletea maji ya mfereji mwenyewe. Na safari hii nataka kuona na macho yangu."

Alhamisi alifika na mtungi wa lita ishirini alioujaza mahali mfereji unapoingia shambani, juu kabisa ya mabwawa. Hakutaka msaada wa kuubeba. Tulipanga chupa mezani: moja ya maji ya mfereji peke yake; tatu za maji hayo hayo na unga, kidogo, wastani, na mwingi; na moja ya maji ya kisima yenye unga mwingi. Chakula tuliwapa sawa, tone moja moja la hamira iliyovurugwa, ili asiwepo wa kufa akasingizia njaa.

Kabla hatujaanza nilimweka kiroboto mmoja chini ya hadubini nikamwambia aangalie. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akainamisha jicho. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Iko na roho!" akasema. "Naona roho yake inapiga!"

"Ndiyo huo moyo."

"Na hii hapa kwa mgongo ni nini? Iko na macho."

"Watoto wake. Kila mmoja ana jicho lake, lile doa jeusi."

Alikaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Aliniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu hawaulizi: wanaume wako wapi, wanalala saa ngapi, wanajuaje juu ni wapi. Nilimjibu niliyoyajua. La wanaume lilimfurahisha sana, kwamba mambo yakiwa mazuri kina mama huzaa peke yao, na wanaume huonekana hasa wakati wa dhiki. "Hapo hakuna tofauti kubwa na kijiji yetu," akasema, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Alilala kwangu usiku mbili. Jumamosi asubuhi alinitangulia maabara akiwa na karatasi na kalamu. Katika chupa ya mfereji peke yake wote kumi walikuwa wakirukaruka. Katika ile ya unga kidogo walikuwa hai, lakini walikuwa wakiogelea kiubavu, wakizunguka kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha. Katika ile ya wastani nusu walikuwa wamelala chini. Katika ile ya unga mwingi hakuna aliyeruka. Tulimchukua mmoja tukamweka chini ya hadubini, na moyo wake ulikuwa bado unapiga, polepole, kisha unapumzika, kisha unapiga. Na ile ya maji ya kisima, yenye unga mwingi vilevile? Wazima wote, wanapanda ngazi yao.

Nilikuwa nimengoja siku hiyo. Nilidhani nitasikia raha fulani, raha ya kujua kwamba nilikuwa sahihi tangu siku ya bakuli. Sikuisikia. Dada yangu hakuinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Mimi ndiye niliwaambia wanunue," akasema.

Tulimwita mwalimu wa kemia aone. Alifurahi, lakini alitupa onyo la haki. Chupa si bwawa, akasema. Bwawani wale wadudu huenda walikufa kwa sumu, huenda kwa njaa kwa sababu dawa iliwanyima mboga zao, na huenda kwa vyote viwili. Lakini alikubali kwamba katika maji laini hivi yeye mwenyewe asingeimwaga.

Jumatano iliyofuata nilikwenda na dada yangu kwenye mkutano wa chama, chini ya mabati ya mwenzake mmoja. Nilibeba hadubini ndogo ya chuo kwa ruhusa. Nilijiandaa kueleza, lakini hakunipa nafasi. Alisimama kabla maombi hayajaisha vizuri.

"Ile dawa ya kusafisha maji nilisifu mimi," akasema. "Nilisifu hapa hapa, na nyinyi mkanisikia. Nilikosea. Mwenye hajamwaga asimwage. Mwenye amemwaga tutasaidiana."

Mama mmoja wa makamo, ambaye vifaranga vyake pia vilikuwa vimekufa, akauliza mbona maabara ilisema iko sawa. Nikasimama nikasema kosa lile lilikuwa langu, nikaeleza habari ya sabuni. Hapo vichwa vikaanza kutikisika, kwa sababu hakuna mwanamke pale ambaye hajawahi kufua kwa maji ya kisima. Hilo lilieleweka kuliko kemia yote ya dunia.

Yule kijana wa duka la mifugo aliitwa siku hiyo hiyo. Alikuja akiwa amejihami. "Kina mama, hii kitu inatumika hata ng'ambo," akasema. "Kwa maziwa kubwa kubwa. Sijawauzia sumu."

"Hatujasema wewe ni mbaya," dada yangu akamjibu. "Labda huko kwao maji inakataa sabuni. Yetu haikatai. Kuja uangalie."

Aliangalia. Tulikuwa na chupa mbili, ya wazima na ya wagonjwa. Aliinama kwa ile ya kwanza, akainama kwa ile ya pili, akarudi kwa ile ya kwanza. Alipojiinua uso ulikuwa umebadilika. "Hakuna mtu aliniambia kuna kitu iko hai humo ndani," akasema. Jioni hiyo alipita nyumba kwa nyumba akichukua magunia ambayo hayakuwa yamefunguliwa. Nimesikia kwamba sasa mtu akimwendea kuulizia dawa yoyote ya bwawa, jambo la kwanza anauliza ni sabuni.

Ilibaki kazi ya bwawa lenyewe. Njia rahisi ilikuwa kufungua mdomo wa chini, maji yaende na mkondo, lakini chini yake kuna watu wanaochota. Dada yangu aliziba mdomo ule kwa udongo na magunia ya mchanga, akasema yatakaa hapo mpaka yapone. Kwa ushauri wa mwalimu wa kemia tulitia chokaa ya shamba, kidogo kidogo, ili tujaze watu kwenye ule mlango wa kiroboto, na samadi iliyooza mpaka ikawa nyeusi, kwa sababu uozo wa mimea nao hushika metali. Kisha tukangoja. Mvua ya masika ikaja kwa wakati wake. Kila wiki aliniletea chupa ya maji, nami nikatia viroboto kumi, na kila wiki tulihesabu. Kwanza walilala chini. Kisha wakawa wanazunguka kiubavu. Mwezi wa Mei wote waliruka, na mmoja akazaa.

"Sasa nipatie wako niende niwaweke," dada yangu akasema.

Nikamwambia ningependa tupate wa kwake mwenyewe. Nilikuwa nimeliona rundo la tope kavu chini ya migomba iliyobaki, tope alilolizoa bwawani miaka miwili nyuma alipokuwa anaongeza kina. Viroboto wakiona hatari hutaga mayai ya namna nyingine, yenye ganda gumu jeusi, ambayo hulala topeni hata likakauka. Yanaweza kulala miaka mingi. Alinitazama kana kwamba namhadithia habari za zimwi, lakini aliniletea konzi tatu za tope hilo ndani ya mfuko wa sukari.

Tuliliweka katika bakuli jeupe, tukamwagia maji ya mfereji, tukalikalisha dirishani penye mwanga. Alibaki kwangu siku tatu za kwanza, na siku hizo tuliongea mambo ambayo hatujawahi kuyaongea. Nilimwambia nimebeba ile sare iliyobaki msumarini maisha yangu yote. Alikuwa anamenya viazi. "Wewe ulibeba ya nini?" akaniuliza. "Ilikuwa yangu. Mimi nililia wiki moja, halafu nikaona mama anatembea na viatu nimemfungia na mikono yangu, nikaacha kulia." Akatupa kiazi sufuriani. "Lakini hiyo hadubini," akaongeza, "ningependa ningeiona mapema kidogo."

Siku ya tatu hakuna kitu. Akarudi kwake. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya saba, baada ya kipindi cha asubuhi, niliinama juu ya bakuli kwa mazoea tu, nikaona nukta moja ikiruka. Nilidhani ni vumbi. Ikaruka tena. Nilimpigia simu pale pale.

"Usiguse," akasema. "Usiguse kabisa. Nakuja."

Walikuwa watatu kufika mchana, tisa kufika siku ya pili. Aliwabeba hadi Sagana wiki tatu baadaye, wakati huo wakiwa wengi wasiohesabika, ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa cha kanisani. Bwawa halikurudi kuwa angavu. Lilirudi kuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, yenye ukijani kidogo, na ukichota bakuli jeupe unaona purukushani. Vifaranga vya Agosti vilikua. Si vyote, maana kambare hulana wenyewe, lakini vya kutosha hata majirani waliomcheka kwa nyoka yenye ndevu wakaanza tena kupanga foleni.

Sitaki kudanganya kwamba tumemaliza jambo. Madini hayo yako katika vitu vinavyozidi kuja kwetu kila mwaka. Nyuma ya soko kuna rundo la simu na spika zilizovunjwa, na mvua hupita juu yake kabla ya kufika mtoni. Hakuna mtu ninayemjua ambaye amepima maji hayo. Mwalimu wa kemia ameanza kuandika maombi ya vifaa, nami namtafutia chupa safi. Na chama cha dada yangu sasa kina chupa zake za jemu, katika nyumba sita, kila moja na viroboto wake.

Wiki iliyopita nilikuwa huko. Mama mmoja alikuwa amekuja kutoka Timau, anakofanya kazi katika shamba la maua, akiwa na maji ya bwawa la kijiji chao ndani ya chupa ya soda. Alikuwa amesikia kwamba kuna wanawake Sagana wanaoweza kuyauliza maji maswali. Hakuwa na shaka maalumu; alikuwa na bata, na kabla ya kuchimba bwawa la samaki alitaka kujua tu. Dada yangu alimkaribisha kiti, akamimina maji yake katika chupa mbili, akahesabu viroboto kumi na kumi kwa kijibomba cha dawa ya macho, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko wangu.

Mgeni alilala hapo. Alipoamka aliwakuta wote wakirukaruka, na mmoja ameanza kubeba mayai.

"Yako ni mazuri," dada yangu akamwambia. "Kwa leo. Mvua ikibadilika ulete tena."

Mgeni akainama akawatazama muda mrefu. Kisha akauliza kwa haya kama angeweza kupewa wachache aende nao. Dada yangu tayari alikuwa anatafuta kifuniko kinachotosha chupa, huku akimweleza jinsi ya kuvuruga hamira na kwa nini asiwaweke kwenye jua kali.